Nyumba Inauzwa, Kasoro Zake Zitajwe

Matangazo ya kuuza nyumba za mawe za Amu, yaani mji wa Lamu, hayapishani sana. Zidaka zimo, boriti zimo, kiwanda, yaani ua wa ndani, chenye asmini kimo, juu kuna mahali pa kupunga upepo na kuitazama Manda ng'ambo ya maji, na mwishoni linawekwa lile neno la kupandishia bei: imekarabatiwa. Mnunuzi wa Nairobi au wa Milan akilisoma huona uzuri. Mtu wa Wiyoni akilisoma hukumbuka kazi: mchanga ulioletwa kwa punda, chokaa iliyokataa kushika, kibarua aliyelipwa Alhamisi na mwenzake aliyeambiwa angoje mwenye nyumba arudi kutoka Ulaya.

Wiyoni iko pembezoni, nje ya mji mkongwe. Mji ule uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mstari wa urithi haukufika huku. Huku kuna makuti na mabati, udongo na matofali ya saruji, nyavu zilizoanikwa uani na watoto wengi. Mgeni haletwi Wiyoni kuonyeshwa historia. Lakini wako mafundi na vibarua wanaoisimamisha historia hiyo ambao hulala mitaa kama hii, na ndiyo maana naona hapa ni mahali pazuri pa kuuliza swali ambalo madalali hawana wakati nalo. Nyumba ya kale ikiuzwa, kinachouzwa ni nini hasa?

Tuliopita madrasa tulifundishwa mapema kwamba mauzo hayaishii kwenye hesabu. Kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni kila mtoto anakijua: alitia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta unyevu chini; muuzaji akasema ni mvua; akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Kutokana na kisa kama hicho mafakihi walijenga mlango mzima wa sheria. Muuzaji anayeijua kasoro ya mali yake sharti aitaje, na akiificha, mnunuzi ana hiari ya kurudisha. Kwa ng'ombe jambo ni jepesi, anachechemea au hachechemei. Kwa nyumba pia halina ugumu mwanzoni: dari inayovuja, mchwa ndani ya boriti, choo cha juu kinachorudisha maji. Ugumu unaanza nyumba ikiwa na miaka mia mbili na sifa yake kubwa ni hiyo miaka yenyewe. Ikiwa muuzaji anauza kale, basi na kasoro za kale zimo katika mali, na atakayezinyamazia ameweka nafaka kavu juu.

Biashara hii haiko Amu peke yake. Huko Pennsylvania, Marekani, kuna nyumba za mashambani zinazouzwa kwa sifa moja kubwa, kwamba zilijengwa na Wakweka. Hapa Kenya tunawajua kwa jina la Marafiki. Misheni yao ya Kaimosi ilianzishwa mwaka 1902, na leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Ni watu wa ibada ya kimya, mavazi yasiyo na madaha na nyumba zisizo na nakshi. Wafanyabiashara wao wa karne ya 17 walijulikana kwa kutaja bei moja na kusimama nayo, kiasi kwamba hata mtoto akitumwa dukani alipata bei ile ile ya mtu mzima. Kwa sisi watu wa pwani, ambao kupatana bei ni nusu ya maamkizi, hilo ni jambo la kustaajabisha kidogo. Nadhani anayenunua nyumba ya Mkweka, pamoja na mawe na mahali pa moto, anatumaini kupata fungu dogo la ukweli huo. Analala ndani ya kuta za watu waadilifu, na uadilifu umo katika bei.

Tatizo ni kwamba Mkweka mashuhuri kuliko wote wa huko, William Penn, mwanzilishi wa koloni lenyewe, alikuwa na nyumba ya shamba iitwayo Pennsbury, na waliofanya kazi pale walikuwemo watumwa wake. Nyumba ya awali ilianguka. Ya sasa ilijengwa upya miaka ya 1930 juu ya misingi ya ile ya kwanza, na watu huitembelea. Iliwachukua Wakweka wa Philadelphia hadi mwaka 1776 kuwakataza waumini wao kabisa kumiliki watu. Kwa hiyo hata nyumba ya mkweli ilikuwa na unyevu wake chini ya rundo.

Wakweka waliwahi kufika pwani yetu pia, na walichofanya kinanivutia zaidi ya Pennsbury. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Muhammed alitoa amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria katika Unguja na Pemba. Mwaka huo huo Wakweka wawili Waingereza, Henry Stanley Newman na Theodore Burtt, walikwenda Pemba kutafuta shamba, wakapata Banani, kwenye ghuba ya Chake Chake. Walitaka walioachwa huru wapate mahali pa kufanya kazi kwa ujira. Sisemi Banani ilikuwa pepo. Misheni ni misheni, ina kanuni zake, na ina tamaa yake ya kuwageuza watu dini. Lakini nikiitazama kama ununuzi tu, naona mauzo ya namna nyingine. Hawa walinunua mali ya mashambani katika kisiwa ambacho karafuu zake zilikuwa zimechumwa kwa mikono ya watumwa, walijua hivyo, na kujua huko ndiko kulikowafanya wanunue. Kasoro ya mahali ndiyo waliyoitolea pesa. Walijitwika deni la ardhi pamoja na ardhi.

Nani ananunua nyumba ya Amu kwa nia hiyo?

Ingia katika nyumba ya mawe ya ghorofa, iliyotengenezwa vizuri, ukaribishwe kutoka dakani. Ghorofa ya chini utaambiwa ni stoo, au chumba cha mtunza nyumba, au siku hizi jiko la kisasa. Zamani waungwana walikaa juu. Chini ndiko kulikowekwa bidhaa na ndiko walikoishi watumwa wa nyumba. Kuta hizo nene za matumbawe zilitaka mawe ya kuchimbwa, chokaa ya kuchomwa, mikoko ya kukatwa kwenye matope, na sehemu kubwa ya kazi hiyo nzito iliwaangukia watu ambao hawakulipwa. Nafaka ya kulisha mji ilitoka mashamba ya bara, nayo pia ililimwa na watumwa. Kwenye mwambao wa Kenya utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907, na baada ya hapo familia nyingi za mawe zilianza kuyumba. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake chini kidogo ya mita 3, kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kubeba zaidi ya hapo. Wageni hupenda kuelezwa habari hiyo ya boriti. Habari ya ghorofa ya chini haimo katika tangazo, nami sijawahi kumsikia dalali akiitaja.

Iko kasoro nyingine, na hii si ya aibu, ila ni ya uzito. Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya kazi maalumu. Baba alipomwoza binti, alimpa nyumba au sehemu ya nyumba, na mume ndiye aliyehamia. Ukiona wikio limevuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, mara nyingi ni baba aliyetaka binti asishuke mtaani ili kumfikia mama yake. Vyumba vinapangwa kimoja nyuma ya kingine, msana mbele, ndani nyuma yake, na kadiri unavyozidi kuingia ndivyo unavyoingia katika siri za wanawake: uzazi, uarusi, ugonjwa. Vyumba vya nyuma ndiko maiti walikooshewa. Mjane alikaa eda yake humo, miezi minne na siku kumi, kuta zile zile zikimtazama. Zidaka zenye mapambo ya chokaa, ambazo leo zinapigwa picha zikiwa na mishumaa, zilikuwa zikitazamana na hayo yote.

Nyumba ya namna hiyo ilikuwa inadai. Ilimdai baba amalize ukuta kabla ya harusi, ilimdai ndugu alishe jamaa waliokuja matangani, ilimdai binti asiondoke. Kwa maoni yangu hapo ndipo kale ya nyumba inapokaa: katika madai. Ukuta wenyewe umekuwa shahidi tu. Hati ikitiwa saini, ukuta unahama kwa mwenye nyumba mpya siku ile ile, na madai hayahami. Hakuna karani wa ardhi awezaye kuyaandikisha. Mwenye nyumba mpya haoshi maiti wa mtu humo.

Sina hasira na waliouza, na sitaki kuwalilia wasiojililia. Nyumba ikifika kizazi cha tatu ina warithi ambao wengine wako Mombasa, wengine Jeddah, na mmoja hajulikani aliko. Kila mmoja ana fungu lake, mwanamke nusu ya mwanamume, na hakuna mwenye fungu la kutosha kubadilisha dari. Mvua inaingia. Sheria iliona mbali: katika madhehebu yetu ya Shafii mshirika ana haki ya shufaa, yaani mwenzake akimuuzia mtu wa nje fungu lake, yeye anaweza kulichukua kwa bei ile ile. Haki nzuri, na imekufia katika maneno hayo mawili ya mwisho. Mvuvi hawezi kulipa bei ile ile na mbunifu wa mitindo wa Ulaya. Wako walioziba mlango mapema kwa kuweka nyumba wakfu, nao pia si kwamba paa lao halivuji. Na lazima nikiri kwamba baadhi ya nyumba zilizosimama leo Shela na Mkomani zisingekuwepo kama mgeni hangekuja na pesa. Warithi walikuwa wameziacha ziwe magofu, mtini umeota ndani ya kiwanda. Kuna mtoto aliyesomeshwa chuo kikuu kwa fungu la nyumba ya bibi yake. Mwambie huyo kwamba bibi alipaswa kushikilia.

Basi turudi kwenye umri, kwa sababu ndio unaolipiwa. Kuna fundi mmoja Wiyoni, mtu mzima, ambaye vijana wote humwita Ami. Siku moja dalali alimjia na simu mkononi, anajaza tangazo.

"Ami, nyumba ile niandike ina miaka mingapi?"

"Wauliza ukuta au dari, mwanangu?"

"Nyumba nzima."

"Nzima haiko. Ukuta wa upande wa mtaani nimeukuta, ni wa wazee. Dari ya msana wa yuu nimeiweka mimi mara mbili. Zile zidaka za kati nimeziiga za jirani, zake zilikuwa zimekwisha."

Dalali akashukuru, akaandika: karne ya 18.

Hakudanganya hasa. Lakini mtazame Ami mwenyewe anakokaa. Nyumba yake ya Wiyoni ina paa la makuti ambalo kila baada ya misimu michache ya mvua hung'olewa na kuezekwa upya. Ukuta wa udongo hukandikwa upya kila unapopasuka. Moto umepita mara nyingi katika mitaa ya makuti ya mji huu, na watu wamejenga tena palepale, majivu hayajapoa. Ukihesabu vitu, nyumba hiyo haina kitu cha zamani isipokuwa kinu. Ukihesabu madai, mama yake alikaa eda humo, dada zake waliolewa humo, na mpwa aliyefukuzwa kazi Malindi alifikia humo bila kuuliza. Hakuna atakayeiandika karne yoyote. Upande mmoja una kuta zilizobaki na watu wakaondoka. Upande wa pili watu wamebaki na kuta zinaondoka kila mara. Tumeamua kwamba ule wa kwanza ndio wa kale, na uamuzi huo umefanywa na macho ya mpita njia, anayeona mawe na haoni nani anamdai nani.

Na bado hata ukuta hausimami peke yake. Ami hupima lipu kwa kugonga na kifundo cha kidole, akiweka sikio karibu kama anayesikiliza kifua cha mtoto mgonjwa. Pakilia pagumu anasogea. Pakilia wazi anajua lipu imeachana na jiwe, na mara nyingi anajua pia sababu: mtu alitia saruji. Matumbawe yana chumvi na yanapitisha unyevu. Chokaa inauachia unyevu utoke polepole, saruji inaufungia ndani, na baada ya masika mawili matatu ngozi nzima ya ukuta inadondoka ikiwa imeng'ang'ania vipande vya jiwe. Chokaa nzuri inataka subira. Magogo yanapangwa, vipande vya matumbawe vinawekwa juu, moto unawashwa hadi mawe yaive, kisha chokaa inazimwa kwa maji na kuachwa ikae. Mwenye nyumba aliyekata tikiti ya ndege ya Desemba hana muda wa chokaa kukaa. Ndiyo sababu ndani ya nyumba nyingi zilizokarabatiwa vizuri kuna saruji chini ya rangi nyeupe, na fundi anajua ni wapi.

Mikoko nayo ina mambo yake. Wakataji huipanga kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na huihesabu kwa korija, mti ishirini kwa korija moja. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, mikoko ya Lamu ikakumbwa humo humo na misitu ya milimani, na wakataji wakakaa bure. Sijui kama aliyetia saini katazo lile Nairobi aliwaza kwamba alikuwa anagusa dari za mji wa urithi wa dunia, kwa sababu dari ile haina mti mwingine. Urithi ulikuwa umeegemea mtu aliyesimama kwenye matope hadi magotini, akiwa na shoka na mashua ya kukodi.

Katiba ya 2010, katika Ibara ya 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya isipokuwa kwa kukodishwa, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo mgeni anayedhani amenunua moja kwa moja, kisheria amekodi. Miaka 99 inaonekana mingi ukiwa na kalamu. Kwa nyumba ya matumbawe ni miaka ya kupaka lipu tena na tena, na ya kubadilisha boriti pengine zaidi ya mara moja, na kila mara itatafutwa mikono inayojua. Mtoto wa kiume wa Ami ana bodaboda. Hupata pesa zake jioni, hangoji mtu arudi kutoka Ulaya, na baba yake amekoma kumlaumu. Alichojaribu ni kumfundisha mjukuu kugonga ukuta, na mjukuu huyo anacheka, lakini anagonga.

Mkataba wa mauzo huandikwa jina la muuzaji, la mnunuzi, la wakili, na chini kuna mistari ya mashahidi. Nilimwambia yule dalali kwamba nyumba iliyokarabatiwa ingefaa shahidi mmoja awe fundi aliyeikarabati. Yeye ndiye ajuaye ipi ni ya wazee na ipi ni ya mwaka juzi, na sheria yetu inataka kasoro zitajwe. Alifikiri kidogo, maana si mtu mbaya.

"Mwalimu," akasema, "Ami nampenda. Lakini ukimweka pale mbele ya wakili, jambo la kwanza atakalotaja ni choo cha juu."